Tumbo la Fundi Saa Ni Safi

Nesi alikuwa ameshamwekea Fundi Saa kile kidude cha plastiki mdomoni, cha kuzuia mgonjwa asiung'ate mpira wa kamera, na Mama Mbegu alikuwa amemshika mumewe mkono mpaka vidole vyake vyenyewe vinamuuma. Kwa kawaida mke au mume wa mgonjwa anakaa nje kwenye benchi. Lakini Fundi Saa aligoma. Alisema hamezi mpira wa mtu kama mke wake hayupo, tena akapaza sauti mpaka watu wa mapokezi wakageuka, na daktari, dada mmoja kijana asiyetaka maneno mengi, akasema haya, mama aingie, asimame kichwani kwa mgonjwa, asiguse kitu.

Shikeni hilo. Ni mwanamume mwenyewe aliyeomba mkewe aingie.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana ukimwona Mama Mbegu leo pale kwa dobi, amesimama mbele ya meza ya kupigia pasi, anakunja mashuka ya watu asiowajua, huwezi kujua kwamba kuna wakati mtaa mzima ulikuwa unamsubiri yeye ndipo ule chakula.

Alikuwa anatengeneza pilipili ya chupa. Wengi wanatengeneza, na wengi wanaharibu. Wengine wanasaga kila kitu pamoja, wengine mbegu wanatupa. Yeye alikuwa anapasua pilipili moja moja, anatoa mbegu, anazikaanga pembeni kwenye kikaango cha chuma bila mafuta hata tone, mpaka zinakuwa rangi ya chai na zinaanza kurukaruka. Halafu, pilipili ikishaiva na kupoa, anazirudisha nzima. Ukila, kwanza unapata ukali, baadaye mbegu inakatika menoni, *kach*, na ile harufu ya kukaangwa inakupanda puani. Mtu akishaila hiyo, nyingine anaona kama maji ya nyanya. Ndiyo maana wakamwita Mama Mbegu.

Mumewe ni fundi saa, mpaka leo yupo pale chini ya ngazi za jengo la maduka, na meza yake ndogo na kioo chake cha jichoni. Fundi mzuri, hilo asinyimwe. Lakini enzi hizo mtu alikuwa analeta saa imesimama, na hata kabla hajaiweka mezani anauliza, "Wewe si ndiye mume wa Mama Mbegu? Mwambie sisi huku tumeishiwa!" Na vijana wa pale dukani wakaanza: "Baba Mbegu, shikamoo!" Yeye anacheka. Anacheka vile wanaume wanavyocheka, meno nje, moyo umenuna.

Halafu tumbo likaanza.

Lilianza polepole kama mgeni mwenye adabu. Leo kiungulia, kesho mkono tumboni, keshokutwa anakunja uso mkewe akifungua sufuria. "Mke wangu, huu moshi wa pilipili unanichoma hapa, kama kaa la moto." Wakaenda zahanati. Daktari wa pale hakuwa na kamera, hakuwa na chochote zaidi ya vidole vyake. Akambonyeza, akauliza unasikia hapa, unasikia hapa, Fundi Saa akasema nasikia, nasikia, akapewa chupa ya dawa nyeupe ya kutuliza asidi. "Inaonekana ni vidonda vya tumbo." Inaonekana! Hakuna aliyeona kitu. Lakini ndivyo ilivyokuwa, ukisema linauma, linauma, nani akubishie? Nani aingie huko ndani akatazame?

Na Mama Mbegu hakuwa mtu wa kubisha kuhusu tumbo. Baba yake mzazi alikufa kwa tumbo. Mzee aliambiwa gesi, akaambiwa gesi tena, akanywa dawa za gesi mpaka mwili ukaisha kama mshumaa, na walipokuja kumpasua wakakuta kansa imeshatawala, wakamfunga tena bila kutoa kitu. Mama Mbegu ndiye aliyemlisha vijiko vya mwisho vya uji. Mumewe anaijua habari hiyo vizuri, alikuwepo, alibeba jeneza.

Kwa hiyo akaacha. Kwanza alihamisha jiko nje, harufu ikaingia dirishani. Akahamia uani kwa jirani, harufu ikarudi naye kwenye nguo. Basi, akaacha kabisa. Nani anataka kumuua mume wake kwa ajili ya chupa?

Ni wakati huohuo wifi yake, dada mkubwa wa Fundi Saa, alikuwa amerudi kwao baada ya ndoa kumshinda. Akaja, akaketi jikoni, akavuta pumzi. "Wifi, mkono wako huo usiupoteze bure. Nipe mimi niendeshe. Ibaki ndani ya ukoo." Mama Mbegu alimwona kama malaika. Alimpa mashine ya kusagia, akampa kikaango cha chuma, akamfundisha kila kitu, hata ile sekunde ya kuondoa mbegu motoni, maana zikizidi kidogo tu zinakuwa chungu. Kisha yeye akaenda kuomba kazi kwa dobi.

Nyumbani chakula kikawa cha hospitali. Viazi vya kuchemsha, uji, nyama iliyochemshwa mpaka inasahau kwamba iliwahi kutembea. Hakukaanga, hakutia kiungo. Watoto walilalamika mpaka wakakua, na kitinda mimba wao, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, sasa yuko bweni sekondari na hajui mama yake aliwahi kuitwa Mama Mbegu kwa sababu gani. Yeye mwenyewe alikula chakula hichohicho. Angeweza kujipikia chake pembeni, lakini ule mbele ya mgonjwa, harufu imchome? Hapana.

Kitu kimoja tu hakikukaa sawa. Mgonjwa alikuwa ananenepa.

"Shoga, huyo wako mwenye vidonda mbona mashavu yanang'aa?" jirani alimuuliza.

"Amevimba. Ni dawa."

"Na kitambi?"

"Na kitambi ni dawa."

"Nitajie hiyo dawa nimpe na wangu, yuko kama ufagio."

Mama Mbegu alicheka, lakini neno *amevimba* alilolisema mwenyewe likamkaa kichwani. Maana baba yake naye mwishoni alivimba.

Kwa dobi anakofanyia kazi ndiko zinakofuliwa nguo za hospitali kubwa. Dereva anayeleta mafurushi ya shuka za kijani ana mdomo mrefu kuliko gari lake, na ndiye aliyeleta habari za kamera mpya. "Si kama ile ya zamani, mama, daktari anachungulia kwa jicho moja kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Hii ni skrini kubwa, tumbo la mtu unaliona kama mpira wa fainali. Na kuna taa, wakibonyeza inageuka rangi, kilichojificha kinaonekana. Na kompyuta iko pembeni inamsaidia daktari, ikitilia shaka kitu inakizungushia kisanduku cha kijani, *tii!*, hapa tazama tena." Mama Mbegu aliweka pasi chini. Aliuliza maswali mpaka dereva akachelewa.

Kumshawishi Fundi Saa ilikuwa vita.

"Nimeze mpira? Mimi nyoka?"

"Mwembamba, baba. Kama kidole."

"Nimesikia kuna kidonge chenye kamera. Unameza, kinapiga picha chenyewe, kinatoka chenyewe. Nipeni hicho."

"Nimeuliza. Hicho ni cha utumbo wa ndani huko, mpira usikofika. Tumbo lenyewe linatazamwa kwa mpira."

"Mke wangu, dawa nyeupe inanisaidia."

"Wewe mtu akikuletea saa imesimama, unaitibu kwa kuipapasa kifuniko?"

Fundi mzima atasema nini? Mkewe akaona ule woga machoni mwake, akaulilia, akadhani ni woga wa kufa.

Masharti yalikuwa rahisi, asile kitu tangu usiku. Mama Mbegu alimlinda kama mtoto anayefundishwa kufunga. Aliamka, akaficha hata mkate. Asubuhi Fundi Saa akavaa shati safi, akasema anapita kwanza kwa dada yake kumuaga, kwa maana mambo ya hospitali hayajulikani. Nani atamkatalia mtu kumuaga dada yake? Watakutana getini. Alikuja getini kweli, anapangusa mdomo, anasema koo limemkauka kwa woga.

Tumerudi kwenye chumba sasa.

Walimpulizia dawa ya ganzi kooni, akalala ubavu, kidude mdomoni, mate yanamtoka kwenye shuka la kijani. Mama Mbegu alilitazama lile shuka, akaona mkunjo wa pasi yake mwenyewe. Alijipa moyo kwa hilo. Kitu kimoja humu ndani anakijua.

"Meza, baba," daktari alisema. "Kama unameza mate. Haya. Umeshamaliza kazi ngumu."

Skrini ikaonyesha pango jekundu, likafuata bomba refu linalobanabana, kisha pakafunguka. Mama Mbegu alikuwa amejiandaa. Miaka yote hiyo alikuwa na picha yake kichwani, tumbo la mumewe likiwa kama shuka lililosahauliwa chini ya pasi, limeungua, limetoboka, kingo nyeusi. Alichoona ni kitu cha waridi, kina mikunjo laini inayong'aa kama satini inayotoka kupigwa pasi. Hakuna tundu. Hakuna kuungua. Akatafuta. Daktari naye anatafuta, kamera inazunguka, inapanda, inajigeuza kutazama ilikotoka.

Chini kabisa kulikuwa na kidimbwi cha uji uji.

"Baba," daktari akasema, na sauti ikabadilika, "si tulisema usile?"

Fundi Saa hawezi kujibu, ana mpira kooni. Akageuza macho juu.

"Hajala, daktari," Mama Mbegu akasema haraka. "Nimemlinda mwenyewe."

"Mama, mimi nakitazama hapa. Bahati yake chakula chenyewe ni kidogo. Angekuwa amechomwa sindano ya usingizi, hiki kingeweza kupanda kikamwingia mapafuni."

*Tii.* Kisanduku cha kijani.

Mama Mbegu akasogeza uso kwenye skrini. Ndicho hicho. Kisanduku kilikuwa kimezunguka kidoa cha kahawia, kidogo, kwenye ukuta wa tumbo la mume wake, na yeye tayari ameshaona jeneza, ameshaona uji, ameshaona kijiko.

"Hicho nini?"

"Mashine inatilia shaka kitu. Subiri." Daktari akabonyeza, maji yakarushwa ndani. Kidoa kikaondoka ukutani, kikaelea, na kisanduku kikakifuata mbiombio. Daktari akaguna. "Kinakimbia. Kidonda hakikimbii."

Nesi akacheka. Kamera ikasogea karibu mpaka kile kitu kikajaza skrini.

"Mbegu ya pilipili," daktari akasema. "Na ile kule. Na ile." *Tii. Tii.* Visanduku vikawa vinaota kama uyoga, na kompyuta masikini, iliyofundishwa kutafuta kansa, ikawa inahangaika na mabaki ya chakula cha mtu. "Baba, na vidonda vyako unakula pilipili?"

Mama Mbegu hakuwa anamtazama daktari. Alikuwa anaitazama mbegu. Mbegu ya pilipili iliyosagwa inapasuka, na ile mbichi ni nyeupe kama jino. Hii ilikuwa nzima, na rangi yake ni ya chai. Mtu aliikaanga bila mafuta, akaitoa motoni ndani ya ile sekunde, akairudisha nzima. Duniani yeye amemfundisha kazi hiyo mtu mmoja tu.

"Daktari, ile taa," alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Ile inayogeuka rangi."

"Ndiyo nawasha."

Kila kitu kikageuka, waridi likaenda kwenye buluu na kijani, mishipa midogo ikajitokeza kama nyuzi. Daktari alipita taratibu, kila kona, akashuka mpaka mwanzo wa utumbo, akarudi. "Hapa ndipo vidonda vingi vinakaa. Safi. Na hapa. Hata kovu sioni. Nitachukua vinyama vidogo tupime vijidudu, lakini kwa macho yangu..." Akageuka akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Hongera, mama. Tumbo safi kabisa."

"Mshukuru Mungu," nesi akasema.

Fundi Saa alikuwa anamtazama mkewe. Mdomo umezibwa, machozi na kamasi vinamtoka, yale ya mpira na labda na mengine. Alimbana mkono kwa nguvu. Mama Mbegu aliutazama ule mkono, kisha akauachia.

"Mama mshike, anahangaika," nesi akasema.

"Mshike wewe."

Walipomaliza, daktari aliwaeleza wote wawili kwa upole. Asile wala asinywe mpaka ganzi iishe kooni, asije akapaliwa. Majibu ya vinyama yatatoka. Na akaongeza, kama madaktari wazuri wanavyoongeza, kwamba picha safi haina maana mtu haumwi. Wapo wanaoumwa kweli na kamera haioni kitu. Fundi Saa akatikisa kichwa kukubali, akatikisa sana, kama mtu aliyerushiwa kamba kisimani.

Nje wakapanda teksi. Ulimi wake bado mzito, anaongea kama mlevi.

"Mke wangu, shikiliza..."

"Tupeleke kwa dada yake," Mama Mbegu alimwambia dereva.

"Hapana, nyumbani. Nyumbani!"

"Kwa dada yake."

Wifi ana uwanja mzuri sasa. Chupa zimepangwa zimepinduliwa zikauke, na kila iliyobandikwa karatasi ina picha ya Wifi mwenyewe, kilemba kichwani, anacheka, chini yake pameandikwa *Pilipili ya Asili*. Mama Mbegu alikuwa anaziona madukani zile picha miaka yote. Hata siku moja hazikumuuma. Alikuwa anajiambia, kazi yangu haikufa.

Fundi Saa alitangulia kuingia, anataka kuwahi kusema neno, lakini ulimi ulikuwa bado umelala. Dada yake akamsikia hatua, na bila kugeuka kutoka jikoni akaanza:

"Umerudi, mdogo wangu? Wameona nini hao na mipira yao? Kaa hapo, ile nyama ya asubuhi nimekubakizia, na chupa yako iko mezani. Ila usichelewe, yule wako asije akaanza kutafuta..."

Akageuka.

Mwiko ulikuwa unadondosha mchuzi sakafuni.

"Malizia, wifi," Mama Mbegu akasema. "Asije akaanza kutafuta nini?"

"Wifi! Karibu! Mbona hamkusema mnakuja wote? Ni leo tu, alikuja asubuhi anatetemeka, nikamwonea huruma..."

Lakini Mama Mbegu alikuwa ameshaona meza. Kulikuwa na kiti kimoja chenye mto uliobonyea wa mtu mmoja. Kulikuwa na kikombe cha fundi, kile kilichovunjika mkono ambacho aliambiwa kimepotea. Dirishani kulikuwa na kioo cha jichoni, cha zamani, cha akiba. Na chupa ya pilipili, imebaki robo, yenye kijiko ndani. Chupa *yako*. Mtu wa leo tu hana chupa yake.

"Tangu lini?"

"Wifi, kaa kwanza."

"Nimesimama vizuri. Tangu lini?"

Wifi akamtazama mdogo wake, mdogo wake akatazama kikombe. Wifi akafuta mikono kwenye kanga, akakaa yeye.

"Nilirudi sina kitu, wifi. Unakumbuka. Mtu mzima narudi kulala kwenye chumba cha watoto. Nikamwambia mdogo wangu, niombee kwa mkeo aniingize kwenye hiyo kazi. Akasema kukuomba hawezi. Akasema ataona njia."

"Njia ndiyo tumbo."

"Alisema ni kwa muda! Mpaka nisimame. Halafu wewe ukapata kazi kwa dobi, tukakuona umezoea, tukaona kusema sasa ni kuchokoza..."

"Nimezoea." Mama Mbegu alilirudia neno kama anaonja kitu kilichochacha. "Mngeniomba. Basi. Wifi, lile jiko langu lilikuwa na nafasi ya wanawake wawili. Nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kupasua, nimekuambia kwa mdomo wangu. Mngeniomba."

"Alisema utakataa."

"Aliniuliza lini nikakataa?"

Fundi Saa ndipo akasema, na lilikuwa neno lake la kwanza kutoka limenyooka tangu asubuhi: "Walikuwa wananiita Baba Mbegu."

Wanawake wote wawili wakamgeukia.

"Pale kazini. Mimi fundi, nimekaa pale chini ya ngazi wewe hujaosha hata chupa moja. Mtu anakuja na saa ya baba yake, anauliza pilipili. Vijana wananiamkia kwa jina la mbegu. Wewe ungejisikiaje?"

"Kwa hiyo ukaumwa."

"Mwanzoni liliuma kweli."

"Likaacha lini?"

Akakivuta kikombe, akakigeuza mkononi.

"Nakuuliza, baba. Likaacha lini? Maana mimi nimekuwa nikiamka usiku nakuwekea sikio kifuani nisikie kama unapumua. Nilikuwa nakuona na tumbo lile nasema hayo maji yameanza kujaa. Nimekuzika kichwani mwangu sijui mara ngapi. Wewe unashiba huku, unakuja kwangu unashika ubavu." Hakuwa anapiga kelele. Angepiga, wangejua la kufanya. "Mgongo ulikuwepo. Magoti yalikuwepo, ungesema kichwa. Ulimbeba baba yangu begani. Ukatafuta ugonjwa wa kunidanganyia, ukachagua tumbo."

Fundi Saa akakirudisha kikombe mezani.

Mama Mbegu akaenda jikoni. Mashine ya kusagia hakuigusa, ilikuwa ya pili au ya tatu hata hivyo, ya kwake ilishakufa. Lakini kikaango kilikuwa palepale ukutani, cheusi, chuma cha marehemu mama yake, kimemeguka upande mmoja. Akakitoa kwenye msumari.

"Wifi, hicho nakitumia," dada mtu akasema, amesimama sasa. "Nina oda za watu. Hivi vya siku hizi vinaunguza mbegu, unajua mwenyewe. Mimi nitafanyaje?"

"Sema unaumwa."

Akatoka. Fundi Saa akamfuata nyuma, kama hatua kumi hivi, kama mtu asiyejua kama amealikwa.

Jioni hiyohiyo, jua halijaondoka dirishani, ile nyumba ikanuka pilipili. Mama Mbegu alipasua, alitoa mbegu, aliweka kikaango motoni bila mafuta. Alikuwa na wasiwasi kwamba mkono umesahau. Mkono haukusahau. Mbegu zilipoanza kuruka, pua ikamwambia sasa, akazitoa. Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Shoga! Mgonjwa amekufa au amepona?"

Aliandaa meza. Mbele ya mumewe aliweka viazi vya kuchemsha, bila chumvi, kama siku zote.

"Nini hiki?"

"Chakula cha mgonjwa."

"Daktari alisema picha safi siyo kwamba mtu haumwi," Fundi Saa akasema, na mkono, kwa mazoea ya miaka, ukaenda wenyewe ubavuni. Mkewe aliutazama ule mkono mpaka ukashuka.

Yeye akajipakulia wali na nyama, akamimina pilipili yake juu, vijiko viwili, kama zamani, akala.

Hakuweza. Kwanza midomo, halafu ulimi wote ukashika moto, koo likafunga, akakohoa, macho yakafurika, akatafuta maji huku amepofuka. Ulimi wake ulikuwa umekuwa wa mtoto. Miaka ya viazi na uji ilikuwa imeufuta. Mama Mbegu, ambaye alikuwa anaila hii kwa kijiko akiwa anaongea na simu, ameketi mezani kwake anahema kama mbwa kwa chakula alichokibuni mwenyewe. Ile *kach* ya mbegu aliisikia kwenye meno. Ladha yake hakuipata, moto ulikuwa umeifunika.

Fundi Saa alimtazama, na huruma ikamjia, ya kweli, tena bila akili. Akavuta chupa. Akachota kwa ncha ya kijiko, akaweka mdomoni, akatafuna, jicho moja amelifumba kama anavyofanya akitafuta kasoro ya saa.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Ila chumvi imepungua kidogo. Na dada siku hizi anazitoa motoni mapema zaidi."

Hakuona alichosema. Alisema kama fundi kwa fundi mwenzake.

Mama Mbegu akanyoosha mkono, akachukua chupa kutoka mbele yake, akachukua na kile kijiko.

"Kula viazi vyako," alisema.

Akaongeza chumvi kidogo, kwa kuwa kweli ilikuwa imepungua, na hilo lilimuuma kuliko moto. Kisha akachota tena. Machozi yanashuka, kamasi zinashuka, yeye anatafuna. Ulimi utakumbuka. Usipokumbuka leo, kesho atauchoma tena.